Glovu za Collins Ojuok

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Collins Ojuok, dijei wa disko la Mkuyuni. Mwili wake uliagwa jana, ukasafirishwa kwao Shirati. Wengi mmepiga simu mnalia. Lieni, lakini sikieni na hili.

Mwaka tisini na sita, wanawake wa kiwanda kimoja cha minofu walikata sangara mikono mitupu. Barafu na visu, vidole vinaoza. Ukilalamika, kazi huna. Basi Jumapili mchana wakaenda disko kwa Collins. Anazima muziki, ukumbi unapiga miguu chini: "Glovu!" Wengine wanajibu: "Ziko wapi?" Ndiyo maandamano yao hayo. Waliandamana kwa kucheza, na wasimamizi wa kiwanda hawakumjua aliyeanzisha.

Aliyeanzisha ni Getruda Masalu. Collins alijua. Na Collins mnamjua, asipotuma salamu mdomo unamwasha. Jumapili moja akashika maiki: "Salamu zimfikie Getruda wa meza ya tatu kule kiwandani, maneno haya ni yake!" Alidhani anampa sifa. Wasimamizi walikuwemo humo humo, wanakunywa bia.

Jumatatu Getruda alifukuzwa. Jioni watu wasiojulikana wakamvunja mkono wa kulia. Wa kulia, wasikilizaji, wa kushikia kisu.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa. Nyie nyie mlijaa. Mkapiga kelele "Glovu!" mpaka wasimamizi wakacheza nanyi, maana sasa ilikuwa staili tu ya kucheza. Glovu hazikuja. Collins akapata jina mpaka Bukoba.

Getruda alimfuata ukumbini na ombi moja: aseme kwenye maiki, mbele za watu, kwamba alikosea. Collins akamnunulia soda, akaongeza sauti ya muziki.

Dada wa marehemu, Atieno, ameniambia: "Kaka yangu hakuwa na roho mbaya. Alipenda watu wafurahi." Namwamini, na inaniuma zaidi.

Jana Getruda alikuja kuaga. Wapenzi wa disko wakamwambia asogee, anawaziba wasione jeneza. Akasogea. Nikamfuata, akaniambia: "Nimemsubiri miaka mitatu aniombe radhi. Sasa amekufa, na wewe umekuja kumsifu."

Atieno na familia, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi mnaokwenda kucheza Jumapili, tafakarini. Getruda yupo hapo sokoni Mkuyuni, anapima dagaa kwa mkono wa kushoto. Mnanunua kwake kila siku, na mnamgombeza kwamba ni mzito wa kupima.