Damu Aliyoipima Mzee Bazilio Niyitegeka

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1996, saa tatu na nusu asubuhi, katika kituo cha afya cha wakimbizi wilayani Kibondo, ndipo mambo ya familia hii yalipogeuka. Anayewasomea wasifu huu wa mazishi ni Reverien, mkwe wa marehemu, mume wa Vestina, na mjane wake, mama Immakulata, ameagiza yasomwe yote, hata yenye aibu.

Mzee Bazilio Niyitegeka alizaliwa tarehe 14 Juni 1938, Burundi, akasoma shule ya misheni, ambako mwaka 1951 alifika Mzungu mtafiti mwenye kipimo cha chuma chenye miguu miwili kama bikari, akawapanga wanafunzi mstari, akawapima vichwa na pua, akamwandika Bazilio kundi moja na mdogo wake Tharsisi kundi jingine, makundi ambayo mnayajua, ingawa walinyonya ziwa moja. Siku ile watoto walicheka sana. Mwezi Mei 1972 Tharsisi, wakati huo mwalimu, alitolewa darasani na hakurudi, na tarehe 20 ya mwezi huo Bazilio akavuka mpaka wa Manyovu kuingia Tanzania pamoja na mkewe Immakulata, aliyefunga naye ndoa takatifu mwaka 1964, wakapokelewa hapa Kitanga. Mungu aliwajalia watoto wanne, Vestina akiwa wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1973.

Kazi yake ilikuwa ya maabara, tangu ujana wake Burundi, kisha hapa wilayani Kasulu, na kuanzia mwaka 1994 kwa wakimbizi kule Kibondo.

Asubuhi ile tuliyoitaja, Vestina alijifungua, damu ikawa haikatiki. Damu ya Reverien haikupatana na yake, wala ya ndugu zake, ikapatana ya mtu mmoja tu aliyejitolea, na wanaume waliosimama mlangoni walipouona uso wa mtu huyo wakasema huyo si wetu. Reverien, akiogopa watakavyomtenda kambini, alimshika mkwewe mkono akamwambia, "Baba, hiyo hapana, tutaishi wapi?" Mzee akamjibu, "Mwanangu, nimepima damu zaidi ya miaka thelathini, sijaona tone lililoniambia limetoka kabila gani." Mmoja mlangoni akamdhihaki, "Mzee, hata wewe jitazame kwenye kioo, utajijua u nani!" Mzee alifunga mlango wa maabara kwa komeo, akapima mara ya pili, akatia sahihi, na Vestina akatundikiwa chupa ile huku mlango ukigongwa kwa mateke. Vestina alipona, yuko mbele yenu na mtoto wake Ange.

Baadaye zilianza kuja barua zisizo na jina, na Januari 1997 mzee akarudi Kitanga. Hakula tena nje ya nyumba yake, na pikipiki ikipita alinyamaza mpaka mlio upotee. Alimwambia Reverien kwamba barua aliziogopa, lakini aliogopa zaidi jambo moja, kwamba siku ile hata yeye, pamoja na elimu yake, aliutazama kwanza uso wa mtoaji kabla ya kutazama matone kwenye kigae cha kupimia, na alimwomba Mungu msamaha mpaka mwisho. Shinikizo la damu lilimpanda, akapata kiharusi mwezi Februari mwaka huu, na Alhamisi, tarehe 5 Machi 1998, saa kumi alasiri, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi Evaline aliyemgeuza kitandani kila siku, majirani wa Kitanga na wafanyakazi wenzake. Inamshukuru pia aliyetoa damu, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi hii, kwa kuwa ana watoto, na kwa kuwa anayesoma hawajui wote waliosimama hapa.

Pumzika kwa amani, baba. Ee Bwana, mpokee Bazilio kwa jina ulilomwita siku ya ubatizo wake, umwondolee hofu yote, na sisi tuliobaki utufikishe makwetu jioni hii tukiwa wazima. Amina.