Kamba ya Njia ya Genge

Kaeni chini, wanangu, kaeni nyote watatu, na wewe Mkubwa uache kusimama dirishani kama askari wa zamu, maana najua unachokitazama na gari nimelisikia kabla yako. Wageni wamefika. Waache wafike. Getini pana benchi, pana kivuli na maji ya kunywa, na hakuna mgeni aliyewahi kufa kwa kusubiri. Mimi ndiye nisiyeweza kusubiri. Daktari aliwaambia pale koridoni, akadhani mgonjwa wa moyo ni kiziwi pia; nilisikia kila neno, na sina ugomvi naye. Kitinda, rudisha mlango, ila usiufunge kabisa, nataka baba yenu mdogo aliyekaa sebuleni asikie bila kujipa taabu ya kutega sikio.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu havibishani. Nyumba hii ni ya wote watatu, isiuzwe, wala asije mmoja wenu akaanza kupima vyumba kwa hatua nikiwa sijapoa. Mlima hauna mwenyewe, na njia za mlimani si shamba la kugawana. Ninachowaachia ni kazi ya kuongoza watu na kuzitunza. Njia ya kilele nakupa wewe, Mkubwa, maana una mapafu, na una maneno ya kuwachekesha watu waliochoka mpaka wakafika juu wakidhani wamebebwa. Njia ya maporomoko ya maji ni ya Kitinda, ambaye tangu utoto hajawahi kurudi kutoka kule akiwa mkavu. Zana zangu zote, nyundo, misumeno na patasi, ni za dada yenu, mnayemwita Fundi kwa utani wakati kila ngazi mnayoikanyaga huko msituni kaitengeneza yeye. Na deni ninalo moja. Mwashi mmoja alinisaidia kupanga mawe ya kuvukia mto, nikamwahidi kwamba siku atakayojenga kwake nitakwenda kumbebea. Akianza kujenga, nendeni ninyi mkabebe. Msimpelekee bahasha, atajiona ametukanwa.

Imebaki Njia ya Genge, na hiyo ndiyo iliyotukalisha hapa na nyuso zilizokunjamana.

Hata mimi naipenda, msidhani siipendi. Unatembea msituni hujui kama dunia ina bahari, mara miti inaisha, na bahari yote iko chini ya miguu yako, mlima uko mgongoni, na ndege wanapita chini yako badala ya juu. Nimewaona watu wazima wenye vyeo wakitoa machozi pale. Kisha njia inafuata ukingo wa genge, mwamba uliokatika wima juu ya bahari, inateremka taratibu mpaka ufukoni, kwenye hoteli ya baba yenu mdogo, ambako mgeni anakula samaki na kusahau magoti yanavyouma. Nani asingeitaka? Lakini mvua zilipokwisha niliifunga. Nilifunga kamba kwa mkono wangu baina ya zile nguzo mbili za kuingilia njia, na Mkubwa, nikiwa bado sijalala kitandani hapa, ukawaambia wageni hawa waje, itakuwa wazi. Ulimwahidi mtu kitu kilichofungwa na mama yako aliye hai.

Usinijibu. Leo ni zamu yangu, zamu zako zitakuja nyingi.

Nilichokiona ni hiki. Kwenye majani, ndani kidogo ya ukingo, pana ufa. Unaweza kutia vidole, basi. Nilipiga magoti nikasikiliza, na mawe yalikuwa yakidondoka baharini huku hakuna mtu wala mnyama aliyeyakanyaga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakuwa wakizungumzia mlima; ufa wa mlima hauzibwi, unahamwa. Wewe ulikwenda ukaruka juu yake, ukaja kuniambia hapa kitandani, mama, nimeruka na halikutikisika, ukaona umemaliza kesi. Mwanangu, bahari hairuki. Inalamba chini kwa chini, na ukisimama juu unaona majani tu.

Sasa mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu baba yenu mdogo anapenda kusema kwamba mimi najifanya mganga wa mlima. Sijui kama genge litaanguka leo. Sijui. Linaweza kukaa mpaka wajukuu zangu wakatembelea fimbo. Lakini mababa wa baba yenu, walioipasua njia hii kwa panga, hawakusema njia ifungwe na anayejua. Walisema ifungwe na yeyote mwenye hofu, hata kama ni mdogo kuliko wote, hata akishindwa kueleza, na asiombwe ushahidi wala asichekwe. Anayetaka kuifungua ndiye wa kutoa ushahidi. Na ushahidi wake si kuruka. Anamshika mkono mwanawe wa kumzaa, anamweka upande wa bahari, wanapita njia nzima wawili peke yao, mgeni asitie mguu kabla yao.

Watu wakisikia hivyo hushtuka, husema ni ukatili. Mimi nilipoolewa hapa nilisema hivyohivyo. Baadaye nikaona maana yake. Hakuna mzazi aliyetaka kumpitisha mwanawe kwenye bahati nasibu, kwa hiyo kabla ya kumshika mkono walishuka kwanza chini, maji yakiwa yamekupwa, wakalitazama genge tumbo lake, wakagonga kila jiwe, wakarudi kesho yake wakatazama tena. Baba yenu aliifungua mara moja, na mtoto aliyepita upande wa bahari ulikuwa wewe, Mkubwa. Hukumbuki. Uliimba njia nzima kwa sauti ya kuchukiza, na mimi nilisimama kwenye nguzo nikaomba uendelee kuimba, kwa sababu nilipokuwa nakusikia nilijua bado upo.

Kitinda, niinue kidogo. Hapo. Inatosha.

Shemeji, huko sebuleni, unanisikia? Kohoa kama unanisikia. Haya, amekohoa. Siku tulipomzika kaka yako ulisimama mbele ya watu ukasema njia hizi ni za wanaume wa ukoo, mjane akae jikoni alee watoto. Nililea watoto, na njia nikaziongoza, na wageni walioteremka kula samaki wako niliwaleta mimi. Miaka yote umesema nafunga njia kwa husuda, ili hoteli yako ilale njaa. Nimekusamehe. Nakusamehe mbele ya watoto, waje kuwa mashahidi. Lakini kusamehe ni jambo moja na kukukabidhi kamba ni jambo lingine, na maneno unayommiminia kijana wangu sikioni ameshayanywa vya kutosha. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, nami nimepona sana kwa wageni. Basi na mgeni naye apone.

Mkubwa, sogea. Karibu zaidi, sina pumzi ya kukurushia.

Unataka kuifungua Njia ya Genge asubuhi hii. Sikukatazi. Mzee wa kitandani hana mikono ya kumzuia mtu mwenye kifua kama hicho. Nakwambia tu ufuate utaratibu. Mwanao yuko jikoni. Namsikia anagonga sufuria kwa kijiko tangu tulipokaa, sote tunamsikia. Nenda kamchukue. Mvalishe viatu, maana umande haujakauka. Mshike mkono, mweke upande wa bahari, mpite mpaka ufukoni, nanyi mkirudi salama wape wageni wako njia na baraka zangu juu. Mke wako asiulizwe, atajua akikuona unafunga zile kamba za viatu vidogo.

Anasimama. Fundi, mwache! Usimshike kaka yako, hii si kazi ya kushikana. Mwache apite.

Nyamazeni nisikie.

Kijiko kimekoma. Ameingia jikoni. Mnasikia? Mtoto anamuuliza, baba, tunaenda wapi. Mungu wangu. Usilie, Kitinda, ukilia sitasikia. Mimi nimemtuma, nami nikikosea hapa nitakwenda na kosa hili kaburini, lakini maneno sina mengine, yote niliyokuwa nayo nimeyatumia kwake tangu mvua zilipokwisha na hakuna lililomwingia. Ngojeni. Ngojeni tu.

Haya. Kijiko hicho, kinagonga tena. Amemrudishia kijiko chake.

Ingia, Mkubwa, usisimame mlangoni na macho hayo. Hakuna wa kukucheka humu. Umejijibu mwenyewe, na sasa unajua nilichokuwa nakijua mimi: kila mgeni aliyekaa getini na mkoba wake ni mtoto wa mtu vilevile. Likitokea la kutokea watu husema ajali haina kinga. Wasiwadanganye. Nyingine kinga yake ni kamba na mtu asiyeona haya kuifunga. Nenda kawaambie wageni. Usiseme kumefurika, usiseme mama anaumwa, usitafute uongo wa kujifichia. Waambie njia imefungwa kwa sababu wewe mwenyewe usingempitisha mwanao. Watakasirika. Watakutukana kwa adabu, hayo ndiyo matusi mabaya zaidi. Simama uyapokee, kisha wape unachoweza kuwapa. Nenda.

Ametoka. Kitinda, sasa kaa wewe dirishani, uwe macho yangu.

Fundi, mwanangu, njoo ukae hapa penye joto la Kitinda. Kamba ya Njia ya Genge ni yako. Najua kaka yako aliitegemea, na utamwachia muda wa kununa, kununa kwake hakujawahi kuvuka chakula cha jioni. Maji yakishakupwa shukeni wote wawili, yeye akushikie kamba juu, wewe ulitazame tumbo la genge. Likiwa bovu, msilibembeleze. Pasueni njia nyingine ndani ya msitu, kwa nyuma, na pale miti inapopungua tengenezeni mahali mtu asimame aione bahari bila kuikaribia. Baba yenu mdogo mpitieni hotelini kwake kwanza, mweke naye alama za njia, asije akasema kafichwa. Na roho ikinitoka, msinizike kule ukingoni penye mandhari. Nataka kupumzika, sitaki kukanyagwa na watu wanaopiga picha. Nizikeni nyuma ya baba yenu, pasipoonekana kitu.

Kitinda, wanasemaje? Sema kwa sauti, masikio yanaanza... sema. Mmoja ametupa begi chini. Sawa. Baba yenu mdogo yuko wapi? Ametoka, amesimama karibu na Mkubwa? Basi hicho ni kikubwa kutoka kwake.

Maji. Kidogo.

Wanarudi garini? Wawili tu. Wengine? Wengine wanafunga viatu. Anawaonyesha juu, upande wa maporomoko. Kijana wangu. Ila peke yake na kundi lile hawezi, kule kuna utelezi na mtu wa nyuma lazima awepo. Kitinda, hiyo njia si nimekupa wewe? Unasimama nini basi? Nenda. Nakwambia nenda, usinishike miguu, nimekubariki tangu tumboni, wewe ulikuja na baraka yako mwenyewe. Kaa nyuma ya wote, yule mwenye woga umshike mkoba. Nenda, mwanangu, wasianze bila wewe.

Fundi abaki. Mmoja anatosha.

Mungu awape miguu... na macho ya kuona mnapokanyaga. Awape watoto wabishi kama ninyi. Mpendane, mkigombana mgombane ndani ya nyumba. Mkubwa akirudi... atakuja mbio, atakuta... Fundi, sogeza sikio. Mwambie baraka yake nimeitoa kamili, sikuikata hata kidogo. Akilia kwamba mama alikwenda yeye hayupo, mwambie nilimsikia. Nilimsikia huko nje akiwaambia watu hapana... na sauti yake ilikuwa ya kweli. Mwambie nililala... nililala nikiisikiliza.