Tochi Zilizobanduliwa Vibandiko

Asubuhi hiyo Kinyozi alikuwa na mtihani. Binti yake, mkaguzi wa vifaa vya mionzi, alikuwa ametoka kukamata katoni nzima ya tochi za leza kwenye kibanda cha Bwana Bei, rafiki wa Kinyozi tangu utoto. Sasa Bwana Bei kakaa palepale kwenye benchi la kahawa mbele ya saluni, kanuna. Kinyozi aliona haya, lakini fahari ilimzidi. Mtoto aliyemnyoa kwa mikono yake leo ana kitambulisho cha serikali shingoni.

— Mwanao kanivunjia heshima, Bwana Bei alisema. Nimembeba mgongoni yule.

— Hakukuamkia?

— Aliniamkia. "Shikamoo baba mdogo." Kisha akabeba katoni.

— Basi adabu anayo.

— Kosa langu nini? Vibandiko vya onyo vinatisha wateja. Nikavibandua, nikabandika maua.

— Haba na haba hujaza kibaba, akadakia Profesa, mpiga kiwi ambaye duniani hakuna asilolijua. Leza ikiingia jichoni kidogo kidogo, jicho linajaa. Likijaa, unaona kupitia ukuta. Serikali haitaki tuone.

— Tuone nini?

— Maofisi yao. Na madoa ya mwezini mnadhani yametoka wapi? Kuna watu waliumulika.

— Acha fiksi, Profesa.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ndugu yangu. Mimi nimeinama.

Walicheka, hata Bwana Bei. Hapo akafika fundi wa vigae, jicho moja limefunikwa pamba.

— Bwana Bei, ile tochi niliyonunua kwako ya kupigia mstari wa vigae imenimulika jichoni. Daktari anauliza ina nguvu kiasi gani. Anasema huwa imeandikwa kwenye kibandiko. Kiliandikwa nini?

Profesa alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani.

— Sikukisoma, Bwana Bei alisema. Nilibandua tu.

Alimgeukia Kinyozi, na kununa kote kumemtoka.

— Mpigie binti yetu. Ana kipimo cha nguvu ya leza yule.

Kinyozi alipiga, akaweka sauti ya juu ili kila mtu amsikie mwanawe akiwa kazini.