Manju Marcelo Bundala, Mtu Asiyeharakishwa

Ndugu waombolezaji, baba yetu mpendwa, mzee Marcelo Bundala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Ipililo, Maswa, akasoma hadi darasa la nne, kuanzia 1949 hadi 1952, na mwalimu alipomtaka asimulie habari za machungani, kengele ya kutoka ililia ng'ombe wa simulizi yake wakiwa bado zizini.

Mwaka 1960 alihamia Lalago kulima pamba, na kila baada ya mavuno alikuwa manju wa ngoma, akiimba utenzi wa shujaa Masalu aliyefuata ng'ombe wa ukoo wake walioporwa. Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na mama yetu Benadetha, baada ya uchumba wa miaka mitatu, kwani mama anasema hata posa aliileta ubeti kwa ubeti, na Mungu akawajalia watoto watano.

Julai 1994, wanunuzi binafsi wa pamba walipokuwa wameanza kuingia, baba aliitwa kushindana Bariadi, na kwa desturi yetu manju wawili huimba wakati mmoja, uwanja mmoja, mshindi akiwa mwenye watu wengi jua linapozama. Mpinzani wake, manju Anatoli, alidhaminiwa na mnunuzi mmoja, akaja na jenereta na vipaza sauti, ndipo wachezaji wa baba wakamwambia waziwazi afupishe utenzi, la sivyo wakishindwa wanahamia kwa Anatoli. Baba aliogopa, hakuwahi kutuficha, lakini alisema shujaa akikimbizwa hafiki yeye, anafika mtu mwingine, basi Masalu akafunga viatu, akamuaga mama yake, akanoa mkuki taratibu, huku watu wakimiminika kwa Anatoli hadi wakabaki bibi wachache na mbuzi. Alasiri bibi mmoja alikwenda kumwita mjukuu wake, akimwambia njoo, Masalu ameuona mto, mjukuu akaja na wenzake, na kila aliyefika hakuthubutu kuondoka shujaa akiwa majini, mpaka Anatoli mwenyewe, akiwa amebaki na vipaza sauti vyake, akazima jenereta ili asikie kama ng'ombe watarudi. Walirudi, uwanja mzima ukapiga vigelegele, na wachezaji wakambeba baba mabegani!

Novemba 2000 aliugua ini, madaktari wakadhani hataiona Krismasi, naye kwa mwendo wake akaifikia Pasaka, akafariki tarehe 27 Aprili 2001 hospitalini Bariadi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lalago, wachezaji wake wote, na mzee Anatoli, aliyekaa kitandani pake kila wiki akiomba asikie tena habari za ule mto.

Pumzika kwa amani, baba, mto umeuvuka, na wala hukukimbia.