Octave Sumaili, Kapita wa Kamba, na Neno Alilolisema

Padri wetu, wazee wa Kabondo, jamaa mliovuka mto kutoka ng'ambo, na ninyi wenzake wa bandarini, familia inawaomba mketi, na vijana mliosimama langoni na fimbo inawaomba mngoje, msimguse mtu yule aliyesimama kando ya barabara mpaka maneno haya yaishe, kwa sababu yeye pia yumo ndani yake. Anayesoma ni Léon, mdogo wa marehemu, naye amepewa kazi hii na mjane, mama Félicité, ambaye leo asubuhi alimwita jikoni, akamwekea karatasi mezani, akamwambia, "Andika yote, shemeji, ama sitafuata jeneza." Basi yameandikwa yote, na yatasomwa polepole.

Octave Sumaili alizaliwa Kasongo, katika Maniema, tarehe 14 Machi 1909, mtoto wa kwanza wa mzee Sumaili, msokota kamba, na wa mama Madina, na katika nyumba ile walisema Kiswahili cha wazee wa Kasongo, ambao kuzungusha kamba kwenye mti waliita kuzonga, na Octave alijua kuzonga kabla hajajua kusoma. Alibatizwa siku ya Pasaka, 27 Machi 1921, mama yake akabaki katika Uislamu wake mpaka alipofariki mwaka 1948, na hakuna aliyesikia neno baya kati yao kwa ajili ya dini, maana kila mwezi wa Ramadhani Octave alimpelekea sukari, na kila Noeli mama alimtumia kuku.

Alisoma katika shule ya misheni kule Kasongo tangu mwaka 1918 hadi 1924, hakuendelea zaidi, lakini somo moja alilishika maisha yake yote. Mwalimu aliweka sanduku la vitabu sakafuni akamwambia alisukume, akasukuma mpaka jasho likamtoka nalo halikusogea, wenzake wakamcheka kwamba uji wa asubuhi umemwishia, kisha lilipoanza kutembea akaliona jepesi, akaenda nalo mpaka ukutani asiweze kulisimamisha. Mwalimu akamwuliza ni nani aliyepunguza vitabu, na darasa lilipocheka tena Octave hakucheka, alilirudisha sanduku mahali pake, akatandaza mbegu za mahindi chini yake, akalisukuma kwa kidole. Tangu siku ile alikuwa mtu wa kuangalia vitu vinavyotembea, na vile vinavyokataa kutembea.

Alifika Kisangani mwezi Novemba 1926, na tarehe 2 Mei 1927 aliandikwa kazi ya kubeba mizigo kwenye bandari ya ukingo wa kushoto wa mto, pale treni inapoishia na maji yanapoanza kupitika tena. Miaka ya kwanza alibeba kwa mgongo kama wengine, mpaka alipokutana na mzee Lambert, mvuvi wa Wagenia, ambaye alimpeleka kwenye maporomoko akamsimamisha juu ya magogo wanayotegea mitego, magogo matatu matatu yaliyosimikwa katika mashimo ya mwamba, huku mto ukipita chini kwa nguvu ya kung'oa nyumba. Octave alitafuta mafundo yanayoshika yale magogo asiyaone, aliona mitambaazi tu, imezungushwa mara nyingi, ncha yake imechomekwa kidogo. Mzee Lambert akamweleza kwamba maji yakivuta, mtambaazi unauma mti, na yakivuta zaidi unauma zaidi, kwa hiyo nguvu ya mto ndiyo inayofunga, mtu anashika ncha tu isiteleze. Octave alirudi pale Jumapili nyingi, wavuvi wakadhani anapenda samaki, kumbe alikuwa amemwona pia binti wa mzee.

Alifunga ndoa na Félicité, binti huyo, tarehe 25 Julai 1931, na Mungu aliwapa watoto sita, wawili akawachukua wakiwa wadogo, wanne wako hapa mbele yenu, Berthe aliyezaliwa 1933 na kuolewa Yangambi, Désiré wa 1936, Anne wa 1940, na Lucie wa 1944. Aliwalea kwa sala na kwa maswali. Walipopanda lori la kwenda Yangambi kumsalimu dada yao, aliwakalisha chini, migongo kwenye ukuta wa dereva, na abiria waliosimama wakiringa aliwaambia, "Lori likisimama, wewe hujasimama bado," nao walimwona mzee mwoga mpaka dereva alipomkwepa mbuzi na wote wakaangukia magunia.

Mwaka 1938 alifanywa kapita wa kamba, yaani kila mzigo mzito uliposhushwa mtelemkoni kwenda kwenye tishari, ile mashua pana isiyo na injini, yeye ndiye aliyeamuru. Wenzake hawakuamini kwamba kamba iliyozungushwa tu, bila fundo, inaweza kushika kitu, basi siku moja mama Félicité alipomletea chakula, Octave alizonga kamba mara tatu kwenye nguzo ya chuma, akampa mke wake ncha aishike kwa mkono mmoja, kikapu cha kwanga, mikate ya muhogo, kikiwa bado kichwani, akawaambia wanaume wanne wavute upande wa pili. Walivuta mpaka wakateleza matopeni, naye mama Félicité akawauliza kama wamekwisha kuanza. Kutoka hapo wakamwita Papa Tatu, wakimwuliza kwa utani kama hata ndoa aliifunga mara tatu, naye akajibu kwamba mkewe alisema mara moja imetosha. Lakini kazini hakutania. Alikuwa na sheria mbili, kwamba ncha ya kamba haiachwi kamwe, hata kama inaonekana haifanyi kazi, na kwamba hakuna mtu wa kusimama chini ya mzigo, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekufa kwenye kamba yake.

Sasa tunafika kwenye siku iliyotukusanya, Jumanne tarehe 3 Septemba 1957. Treni ilikuwa imeleta tangi la chuma la kiwanda cha mafuta ya mawese, zito kupita kawaida, na ilibidi lishushwe juu ya magogo ya kuviringika mpaka tishari. Mtu aliyezoea kushika ncha alikuwa mgonjwa, na mahali pake walimweka Wenceslas Lofemba, mtu wa Opala mwenye miaka arobaini, ambaye tangu ujana wake alifanya kazi kwenye masuwa, yaani meli, za mto Lomami, na bandarini alikuwa na siku nane tu. Ndiye huyo aliyesimama barabarani.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kamba ilikuwa imelowa, Octave akaizonga mara mbili, akasema ya tatu itaongezwa mzigo ukianza kuwa mzito mkononi. Walifika nusu ya mtelemko, gogo moja likakaa upande, tangi likakwama na kuanza kuinama kuelekea ukingoni, na wanaume sita waliokuwa pembeni yake wangeangukiwa. Hapo Octave aliivunja sheria yake mwenyewe, alichukua mtaimbo akashuka chini ya mzigo, akalipiga gogo mpaka likanyooka, na tangi, lililokuwa limesimama, likapata mwendo. Kamba iliyolowa ikaanza kuteleza kwenye nguzo, ikitoa moshi. Octave akageuka, akainua mkono, akaita, "Zonga!"

Watu wote waliokuwa pale wanakumbuka kwamba Wenceslas aliitazama kamba, akaiachia, akaruka nyuma. Tangi lilishuka lote. Wale sita walikwisha kukimbia, na Octave alibanwa kiuno na mguu kati ya chuma na ukingo wa gati. Walimtoa kwa mitaimbo, wakamlaza juu ya mlango, wakamvusha kwa kivuko, na njia nzima Wenceslas alikuwa amepiga magoti karibu naye mpaka walipofika ukingo wa kulia, ambapo Léon alikuwa anangoja, akamsukuma kando.

Octave alilala hospitali siku tisa. Kwa siku tano Wenceslas alikuja kila asubuhi na kila asubuhi Léon alimfukuza mlangoni, akimwambia kwamba mtu aliyeiacha kamba hana la kumwambia aliyebaki chini. Siku ya sita, Jumatatu tarehe 9, mgonjwa mwenyewe alisikia sauti yao akaagiza aingie. Ndani ya chumba walikuwa watatu tu, Octave, Wenceslas na Léon, na yaliyosemwa ni haya.

Octave aliuliza, "Ndugu yangu, siku ile ulisikia nilisema nini?"

Wenceslas akajibu, "Ulisema zonga, Papa. Kwetu mu masuwa tunasema Lingala, zonga ni rudi nyuma. Kamba ikitoa moshi itakatika, inakata mutu miguu, kapita anasema zonga, unaacha, unarudi. Mimi niliona wewe unaniokoa."

Octave alifumba macho. Léon alifikiri amezimia. Kisha akacheka, akacheka mpaka maumivu yakamkamata na machozi yakamtoka, akasema, "Miaka thelathini niko katika mji huu, mke wangu anaongea Lingala, watoto wangu wanaongea Lingala, na siku ya kuitwa na Mungu nikaita Kikasongo cha baba yangu." Akamshika Wenceslas mkono, akamgeukia mdogo wake. "Léon, umesikia. Huyu alitii. Neno lilikuwa langu, na kusimama chini kulikuwa kwangu. Mtu asije akasema vingine."

Léon alisema amesikia. Wapendwa, msomaji anawaomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo mama Félicité aliposema yaandikwe yote. Octave alikula mkate wa Bwana siku ya Jumatano, akawabariki watoto wake mmoja mmoja, akafariki Alhamisi tarehe 12 Septemba 1957, saa nne ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Mchana ule mwili ulipoletwa nyumbani, vijana wa mtaa walimzunguka Léon wakamwuliza nani amemwua Papa Tatu, na Léon, ambaye siku tatu tu kabla yake alikuwa amesikia kwa masikio yake yote mawili, aliwajibu kwamba ni mtu wa Opala, aliiachia kamba makusudi. Alisema hivyo. Hakuna aliyemlazimisha. Uchungu wake ulitaka mahali pa kuangukia, na Wenceslas hakuwa na ndugu katika mtaa huu. Jioni ile ile mlango wa nyumba ya Wenceslas ulivunjwa, mkewe akajeruhiwa mkononi kwa jiwe, na asubuhi hii, pamoja na hayo yote, alikuja kuzika.

Fimbo mlizonazo langoni zilitoka katika mdomo wa Léon. Ulikuwa uongo, ameukiri kwa padri kabla ya misa, na sasa anaukiri kwenu, akiwa amesimama karibu na kaka yake ambaye hawezi tena kumkemea. Mama Félicité alipoambiwa ukweli na Léon hakupiga kelele, aliuliza tu kama yule mama aliyepigwa jiwe amefungwa jeraha, kisha akaenda kutafuta karatasi. Ameagiza kwamba Wenceslas Lofemba apitishwe katikati yenu, akae kwenye mkeka wa ndugu wa marehemu, upande wa kulia, mahali pa Léon. Hapa msomaji atanyamaza mpaka awe ameketi, na kama hakuna atakayempisha, basi jeneza halitainuliwa, na Léon ataenda mwenyewe kumchukua.

Kwa niaba ya familia tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia marehemu siku tisa bila kuchoka, nahodha wa kivuko aliyeondoka na mgonjwa mmoja bila kungoja abiria, akina mama wa Kabondo waliotwanga sombe, majani ya muhogo, na kuteka maji tangu jana, wavuvi wa Wagenia walioacha mitego yao leo, wafanyakazi wote wa bandari, na hasa wale wanaume sita ambao wamekuja na wake zao na watoto wao. Tunamshukuru Wenceslas, aliyefukuzwa mara tano akarudi mara ya sita. Na kwa mkewe, mama Florentine, ambaye hayupo hapa kwa sababu ya jiwe lile, Léon atakwenda leo baada ya mazishi, kwa miguu, bila kutanguliza mtu wa kumsemea.

Octave, kaka, yamesomwa yote. Lala sasa katika amani ya Mungu.