Mchochezi wa Namba Nne

Wasikilizaji wapendwa, alikuja mgeni asiyetarajiwa. Ilikuwa Tabora, mtaa wa Kanyenye, mwezi wa Machi mwaka 1953, masika yakiwa yamepamba moto. Mgeni alikuwa na tope mpaka magotini.

“Hodi! Mimi Ngollo, dereva wa kampuni ya kokoto. Nimekuja kumwazima mumeo.”

Bernadeta, aliyekuwa akipepeta mpunga, alicheka. “Mume haazimwi, kaka. Labda ungo.”

Mume aliyetakiwa ni Alois Kashindye. Ndiye tunayemkumbuka leo. Wiki iliyopita tulimzika kijijini Puge. Mzee Alois alikuwa mchochezi. Ndiyo, mchochezi: mtu wa kuchochea moto wa garimoshi ili mvuke upande. Shikeni neno hilo, wasikilizaji, kwa maana ndilo lililomfunga.

Zilikuwapo kampuni mbili, kila moja na njia yake fupi ya reli. Moja ilibeba magogo, nyingine kokoto. Magogo husombwa kiangazi. Masika msitu ni tope, na kichwa cha garimoshi hulala kikipata kutu. Kokoto hutakiwa masika, maji yanapochimba tuta la reli. Mmoja ameshiba, mwenzake ana njaa. Nani anunue kichwa kizima kwa kazi ya miezi mitatu? Basi waliazimana. Masika kichwa cha magogo kilikwenda kwenye kokoto, kiangazi cha kokoto kilikwenda kwenye magogo. Siku kwa siku, kazi kwa kazi. Ni akili ya majirani, na haina ubaya wowote.

Mwaka ule kiliazimwa kichwa Namba Nne. Lakini Namba Nne kilikuwa na tabia zake, na mikono migeni haikuweza kukipandisha mvuke. Ndiyo maana Ngollo alitumwa kumfuata mchochezi wake.

Kabla ya kuondoka, Alois alimwahidi fundi wake, Raymundi: “Kitarudi kimeoshwa, na mimi nikiwa juu yake.” Babu yake Alois alikuwa kirangozi, kiongozi wa wapagazi katika misafara ya kwenda pwani. Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja tu: chungu cha jirani hurudi kimeoshwa.

Wafanyakazi wa kokoto walipokiona kinakuja kikihema, wakapiga kelele. “Nguo ya kuazima haisitiri maungo!”

“Anayeicheka ni yule aliye uchi?” akajibu Alois. Wakacheka wote, wakawa marafiki.

Sasa sikilizeni ubaya ulipoingia. Maji ya machimboni yalikuwa na chokaa. Chokaa hushika ndani ya boila kama ukoko wa wali chunguni. Boila lisipooshwa kila wiki mbili, chuma huungua, na siku moja hupasuka na watu wake. Wiki mbili zikapita, halijaoshwa. Nne zikapita. Sita zikapita. Alois alimwendea meneja. Meneja akasema, “Kichwa si chetu. Wenyewe wataosha wakirudishiwa.”

Kichwa si chao! Je, na Ngollo alikuwa wa nani? Na Alois? Watu wangapi wameungua katika nchi hii kwa sababu chombo kilikuwa cha mwingine?

Alois alikuwa amesoma misheni. Akaandika barua, kwa heshima zote, akampa meneja mkononi. Bibi Bernadeta bado anaijua kwa moyo: “Mimi, mchochezi wa Namba Nne, nimewaambia wachochezi wenzangu tusiwashe moto Jumatatu, mpaka boila lioshwe.”

Meneja aliipeleka polisi.

Mahakamani aliulizwa, “Unakiri kuwa wewe ni mchochezi?”

“Ndiyo, bwana. Mwaka wa nne huu.”

“Nani alikufundisha uchochezi?”

“Fundi Raymundi, bwana. Ana wanafunzi wengi.”

Watu waliangua kicheko, na Alois naye akatabasamu, akidhani wamefurahia ufundi wake. Akafungwa miezi sita. Miezi sita, wasikilizaji, kwa kutaja kazi yake! Wale waliolitafuta neno lake katika kamusi hawakuuliza hata mpishi wao anachochea nini jikoni.

Wenzake hawakuwasha moto. Si Jumatatu ile tu, hawakuwasha tena. Namba Nne kikabaki machimboni. Ngollo alizeeka, akacheza na vitukuu. “Nilimwazima mume wa mtu,” alikuwa akisema, “naye akanirudisha mimi kwa mke wangu.” Lakini hukumu ya Alois haikufutwa. Amekufa nayo.

Kwa Bibi Bernadeta, kwa watoto na wajukuu wa Puge, tunasema poleni sana. Mungu ampumzishe. Na sisi tujiulize: tunacho nini cha jirani mikononi mwetu, na tunakitunzaje? Mtu anapotuambia kuna hatari, tunaitazama hatari, au tunatafuta jina baya la kumpa?

Kabla hatujaagana, imebaki ile ahadi.

Alois alitoka gerezani Oktoba. Kiwanda cha pamba Nzega kilikubali kumpa kazi, aripoti Jumamosi alfajiri. Akichelewa, nafasi ni ya mwingine. Kazi gani nyingine angepata mtu mwenye jina lile? Jumatano akasikia Namba Nne bado kiko machimboni. Akaenda kwa miguu. Yeye na Ngollo walikwangua ukoko siku tatu, bila ujira. Jumamosi alfajiri alikuwa amelala chali chini ya boila, chokaa ikimwangukia usoni.

Jioni wakakifikisha kwenye yadi ya magogo. Mlinzi akasema mchochezi haruhusiwi kuingia. Alois akashuka getini. Raymundi akafungua kibomba cha boila, akakinga maji kwenye kopo, akayatazama. Yalikuwa maangavu, hayana chokaa. Akamwinulia mkono kutoka mbali.

Bernadeta alimpokea mlangoni, mumewe akiwa mweupe kwa chokaa mpaka nyusi.

“Kazi ya Nzega?”

“Imekwenda.”

“Na kichwa cha watu?”

“Kimerudi,” akasema Alois. “Kimeoshwa.”