Nani Alimchua Mchuaji

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wangu, Mize, alimaliza kumchua mteja wake wa jioni, akakaa mkekani, akaninyooshea mkono wa kulia. "Anza na gumba," alisema. Nilimchua vidole kama kila jioni, naye akanikosoa kama kila jioni. Juma lililofuata alilazwa, na hakurudi. Nilifunga chumba chake cha mbele, mafuta yake ya nazi yakabaki chupani. Baada ya hitima ya arobaini nilirejea kwenye benchi la kahawa lililotazamana na nyumba yetu, hapa Bagamoyo. Ilikuwa mwaka 1974. Mzee Sadallah ndiye humimina kahawa. Kombo haachani na redio yake, basi huitwa Redio. Mrisho, fundi wa magari aliyestaafu, huitwa Injini. Mimi nilisoma chuo kikuu na nafundisha sekondari, wananiita Msomi.

Alasiri moja lori lilisimama mbele yetu, akashuka kijana aliyejibeba kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani.

— Asalaam aleikum. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, alijibu Injini. Mbona unatugeukia mwili mzima kama kabati?

— Shingo, mzee wangu. Naitwa Dadi, natoka Miono. Nimeelekezwa kwa Bi Mize, mchuaji.

Mzee Sadallah alimpa kikombe kwanza, ndipo akasema:

— Umechelewa, mwanangu. Ametangulia. Mumewe ndiye huyu.

— Innalillahi! Poleni sana, mzee.

— Tumeshapoa, nilisema.

Dadi alieleza kwamba kichwa kimekataa kugeuka kushoto. Hospitali walimpa vidonge na kumwambia apumzike.

— Nitapumzikaje? Juzi pale Mapinga nimerudi nyuma nikabomoa banda la mihogo. Mwenye banda kanusurika chupuchupu; sikumwona. Tajiri kasema kesho nisipogeuka, gari anampa mwingine.

— Basi pole yako, alisema Redio. Uchuaji umezikwa. Ule ulikuwa wa damu. Bibi yake, mama yake, yeye. Hakuzaa binti, kwisha habari!

— Damu wapi! alisema Injini. Ufundi ule. Mshipa ni mkanda wa feni. Ukilegea unakaza, ukikaza unalegeza.

— Wewe umeshamlegeza nani?

— Trekta.

— Haya, mlegeze huyu.

— Spana nimeuza.

— Mnabisha bure, Redio aliendelea. Mize utotoni alikanyaga samaki yule anayepiga ganzi. Umeme ukamwingia, usitoke. Ndiyo maana akikugusa unasikia joto.

— Joto la mafuta hilo, alisema Mzee Sadallah. Si yakipashwa?

— Hapana, hapo Redio kasema kweli, alidakia Injini. Siku aliyonishika goti, redio ya jirani ilikoroma.

— Si umeona! Msomi, wewe uliishi naye. Ulikuwa umeme au si umeme?

— Ulikuwa mkono, nilisema.

Dadi alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, maana hakuweza kuinamisha kichwa.

— Samahanini, wazee. Mtu anayechua watu kutwa nzima, mikono si humuuma? Yeye alikuwa akichuliwa na nani?

Redio alipunguza sauti ya redio. Injini alichungulia ndani ya kikombe chake. Mimi jibu nililijua. Nilijua pia maneno ambayo mtaa ungeyasema juu ya mwanamume mwenye shahada anayepiga magoti kumchua mkewe vidole. Lakini kijana huyu alikuwa na muda wa hadi kesho tu.

— Mimi, nilisema.

— Wewe nini?

— Mimi ndiye niliyemchua. Kila jioni.

— Msomi! Na shahada yako?

— Niliiweka kabatini.

Injini alipiga paja.

— Kumbe betri ilikuwa inachajiwa humo ndani, sisi tunasumbuka na samaki!

Walicheka. Tangu mazishi hawakuwa wamethubutu kucheka mbele yangu. Nami nilicheka.

— Dadi, njoo kesho baada ya sala ya alfajiri, nilimwambia.

Mzee Sadallah aliinamisha dele la kahawa. Halikutoa hata tone.

Asubuhi nilifungua chumba. Mlango niliuacha wazi, kama Mize alivyofanya kila alipomchua mwanamume. Nilipasha mafuta, nikamkalisha Dadi mkekani, nikamshika mkono.

— Ni shingo, mzee.

— Najua.

"Usikimbilie panapouma," Mize alizoea kuniambia. "Anzia mbali. Na usisugue kama unafuta ubao." Nilianza na gumba, nikapanda kiganja, kigasha, bega. Hapo gumba langu lilikutana na fundo. Sikulisukuma. Niliegemeza gumba, nikangoja, hadi Dadi akashusha pumzi na fundo likaachia.

— Geuka, nilisema. Taratibu.

Aligeuka kushoto, kidogo. Akageuka tena, zaidi. Macho yake yalipita dirishani hadi kwenye benchi, ambalo lilikuwa limejaa mapema kuliko siku zote.

— Nawaona! alipiga kelele. Wote watatu nawaona!

Alilitoa lori kinyumenyume kwenye uchochoro wetu, kichwa nje ya dirisha, huku Injini akimwelekeza bila kuombwa. Lilipotokomea, Injini alikuja mlangoni, ameshika goti.

Nilimwonyesha mkeka, nikaanza na kidole gumba cha mguu.